Mwanamke Aliyekatazwa Kusukuma

Kazini walimwita Taratibu, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Kiwanda chao cha mikate kilikuwa kidogo, tanuri mbili na meza ndefu ya bati, lakini mbio zake zilikuwa za kiwanda kikubwa. Trei zilipita juu ya vichwa vya watu, magunia ya unga yalirushwa mabegani, na msimamizi alifoka tangu anafungua mlango mpaka anaufunga. Katika vurugu yote hiyo Taratibu peke yake alitembea. Akitaka kuokota kitu alipiga magoti kwanza, hakuinama. Akipanda ngazi za stoo alisimama kila baada ya hatua chache, ametulia kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Wafanyakazi wageni walisema anaringa. Wa zamani walimjua, na walimwachia ile kona ya mwisho ya meza, ya kukata na kupima madonge, mbali na magunia, maana vumbi la unga hukohoza, na Taratibu hakutakiwa kukohoa.

Kukohoa! Kitu ambacho mimi na wewe tunakifanya katikati ya mazungumzo na kuendelea na maneno yetu. Kwake kikohozi kimoja kikavu kilitosha. Maumivu yalianzia kisogoni, yakapanda kwa kasi, yakajaza kichwa kizima mpaka akahisi fuvu limekuwa dogo. Kwa muda huo hakuona wala hakusikia, na ungemuuliza jina lake asingelikumbuka. Alishika meza, au ukuta, au bega la yeyote aliyekuwa karibu, akangoja. Kisha yakaondoka. Yaliondoka yote kwa mara moja, na yule aliyekuwa anakufa sasa hivi akawa anapima donge lake kama kawaida. Chafya ilileta mambo hayo hayo. Kunyanyua ndoo, hayo hayo. Kujikamua chooni, tusiseme sana, hayo hayo. Na kucheka kwa nguvu, jambo ambalo Mungu alimjalia kupita kiasi, hayo hayo.

Waliomwonea huruma walidhani anaishi kwa hofu tu. Hofu ilikuwepo, hatukatai. Lakini chini ya hofu kulikuwa na mshangao ambao hakujua amweleze nani. Kitu kikubwa namna ile kilikaa wapi siku nzima asipokohoa? Kiliingilia wapi, na kikitoka kilikwenda wapi? Mara nyingi alijipapasa kisogo kwa vidole, akakuta ni nywele na ngozi na mfupa, kisogo kama cha mtu yeyote. Akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Kidogo tu, lakini.

Mumewe alikuwa kinyozi, na kama unavyowajua vinyozi, mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi. Ndio uliompatia mke. Taratibu, enzi hizo hana jina hilo wala hana habari na kichwa, alimpeleka baba yake kunyolewa, akakaa kwenye benchi la wateja, na kabla ndevu za mzee hazijaisha alikuwa amecheka mpaka machozi yanamtoka. Maumivu yalikuja miaka kadhaa baada ya ndoa, asubuhi moja tu ya kawaida, aliponyanyua beseni la nguo.

"Mimi kutwa nashika vichwa vya watu," Kinyozi alizoea kusema, "na cha mke wangu ndicho kilichonishinda."

Ushauri haukukosekana. Kila aliyekalia kile kiti chake kinachozunguka alishuka na nywele fupi na kuacha dawa nyuma. Mmoja alisema maji, anywe maji mengi. Mwingine akasema miwani. Wa tatu alinong'ona kwamba kuna jirani asiyempenda, akaombwa ataje ni yupi, akakumbuka ana haraka. Kinyozi aliyabeba yote nyumbani, wakajaribu yale yasiyo na madhara, na kichwa hakikujali.

Basi akaona dawa iliyobaki ni yake mwenyewe: asimchekeshe. Akaacha utani. Alirudi jioni, akasalimia, akala, akauliza habari za kazi kama karani wa ofisini. Mama yake mzazi, waliyekuwa wakiishi naye, mwanamke mcheshi asiye na jino hata moja, alivumilia wiki nzima, kisha akaweka kijiko chini.

"Kuna msiba gani humu ndani ambao mimi sikuambiwa?" akauliza.

Usiku ule Taratibu alimgeukia mumewe kitandani.

"Kichwa kikiniuma kinaniuma kidogo, kinapita," alisema. "Wewe ukinyamaza inaniuma kutwa."

Ndipo wakabuni utaratibu ambao sijausikia katika nyumba nyingine yoyote. Kinyozi akiwa na neno la kuchekesha alisema kwanza, "Keti." Taratibu aliketi, akaegemeza kichwa ukutani, akafungua mdomo, akaanza kutoa pumzi polepole. Hapo ndipo neno lilipotolewa, naye akacheka kwa kupuliza tu, haaa, bila kubana kifua. Walikuwa wamegundua wenyewe, kwa kujaribu na kuumia, kwamba adui mkubwa ni ile pumzi inayobanwa. Ikiachwa itoke, mara nyingine maumivu yalikuja madogo, mara nyingine hayakuja kabisa. Shida ilikuwa ni mama mkwe, ambaye akisikia tu "Keti" alianza kucheka.

"Mama, bado sijasema!"

"Si nakujua wewe?" mama alijibu, akijifuta machozi.

Hivyo ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri, mpaka Taratibu akapata mimba.

Walikuwa wameisubiri kwa muda mrefu na furaha ilikuwa kubwa. Hata kutapika, ambako kila mara kulimpasua kichwa, alikuvumilia kwa sababu alijua kunamaanisha nini. Mambo yaliharibika siku mama mkwe alipokuwa anakunja nguo ndogo ndogo walizopewa na jirani. Alikuwa amefurahi, moyo mweupe, hana ubaya wowote.

"Siku hiyo utasukuma, mwanangu," alisema, "mpaka ujue kwa nini tunaitwa mama."

Akainua macho na kuwaona Taratibu na mumewe wamemtazama. Hapo hapo na yeye akaelewa. Kinguo alichokishika kikabaki hewani.

Hebu fikiria. Kama kikohozi kimoja kilimtoa mtu duniani kwa muda, kusukuma mtoto kungemfanya nini? Na je, akitolewa, angerudi? Hilo ndilo lililoingia ndani ya nyumba siku ile na halikutoka. Taratibu hakuogopa maumivu, alikuwa ameyazoea. Aliogopa kumzaa mtoto na kuondoka mlango huo huo mtoto anaoingilia.

Walikwenda kwa daktari wa vichwa. Taratibu alilazwa kwenye mashine ndefu yenye tundu, ikamgongea masikioni kwa kelele za gereji, akaambiwa asitikisike, na hilo halikumpa taabu, maana ndiyo kazi aliyoizoea. Baadaye waliitwa chumbani. Daktari, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, akageuza kioo cha kompyuta kuwaelekea.

"Hiki ndicho kichwa chako, mama," alisema.

Taratibu akasogea mbele ya kiti. Alitegemea kuona kitu cha kutisha, akakuta kitu anachokijua: donge, limekunjwakunjwa juu ya lenyewe kama unga uliokandwa na mkono wenye subira. Lilikuwa limetulia katika giza lake, limejaa vizuri, kila mkunjo mahali pake. Alilitazama na mwili ukamsisimka. Mle ndani ndimo alimokuwa baba yake na ndevu zake zilizonyolewa nusu. Mle ndimo zilimokuwa nyimbo zote anazozijua, ladha ya chumvi, njia ya kwenda kazini, jina la mtoto ambalo hawajamwambia mtu. Na hata huku kutazama kwenyewe kulikuwa kunafanyika mle mle. Alitaka kumwuliza daktari kama na yeye hushangaa kila siku au alishazoea, akaona aibu.

"Nimekitazama chote," daktari alikuwa akisema. "Hakuna uvimbe. Hakuna mshipa uliovuja. Hakuna kilichosogea mahali pake."

"Alhamdulillahi, Mungu mkubwa, asante," Kinyozi alisema yote kwa pamoja. "Sasa kinachomuuma ni nini?"

"Sijui."

Alilisema akiwatazama machoni, hakukohoa wala hakupekua karatasi. Kinyozi akapandwa na hasira.

"Hujui vipi, daktari, na limashine lote lile?"

"Mashine inanionyesha kilichopo, haiwezi kuniambia kwa nini. Wako watu ambao kichwa huwauma hivi wakikohoa au wakijikaza, tunatafuta na hatuoni sababu. Kwa wengine kichwa huacha chenyewe, siku moja tu, na hapo pia hatujui kwa nini."

"Na kusukuma?" Taratibu aliuliza.

Daktari alifikiri. "Kwa wengi kama wewe hakuna kinachotokea zaidi ya maumivu. Lakini siwezi kukuapia kwamba na wewe ni mmoja wao. Kwa hiyo sitaki ujaribu. Nitazungumza na wenzangu wa uzazi. Mwili ufanye kazi yake wenyewe, mtoto ashuke, na mwishoni daktari amvute kwa kifaa. Wewe usisukume."

Njiani Kinyozi alinung'unika mpaka wanafika nyumbani. Taratibu hakuwa na kinyongo. Neno lile "sijui" lilimpa amani ya ajabu. Miaka yote alidhani yeye ndiye peke yake asiyeelewa, kumbe hata yule aliyeweza kuona ndani ya mfupa alisimama mlangoni pamoja naye, naye hajapewa ufunguo.

Sasa, watoto hawasomi mipango ya watu. Huyu alikuja mapema, asubuhi ya kazi, Taratibu akiwa na kisu cha kukatia madonge mkononi. Yule msimamizi wa kufoka ndiye aliyemfikisha hospitali kwa gari la mikate, akiendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha maishani, na kila akiliona tuta anaomba radhi.

Wodi ile ilikuwa na mkunga mkuu waliyemwita Kipaza Sauti. Mabega mapana, mikono imara, sauti ya kuvuka ukuta. Na wodi ilikuwa na desturi iliyotokana na yeye. Mwanamke akifika mwisho, Kipaza alitoa neno, "Sukuma!", na wodi nzima ikalipokea. Wauguzi walilipokea. Wanawake waliokuwa bado wanasubiri zamu yao walilipokea, wameshika viuno. Mfagiaji alilipokea akigonga ndoo. Hata jamaa walioketi nje kwenye korido walilidaka na kulirudisha, bila kujua anayesukuma ni mgonjwa wa nani. Wanawake waliojifungulia pale walisema ile sauti ya watu ndiyo iliyowapa nguvu walipokuwa hawana.

Taratibu alipolazwa kitandani aliharakisha kusema. "Dada, mimi nimekatazwa kusukuma."

"Na nani?"

"Daktari wa vichwa."

"Vichwa?" Kipaza alivaa glavu. "Huku tunashughulika na upande wa pili."

Lakini muuguzi mmoja aliukumbuka ujumbe, akamnong'oneza, na uso wa Kipaza ukabadilika. Akaagiza daktari wa kuvuta aitwe. Jibu likarudi mbio: daktari yuko chumba cha upasuaji, amemfungua mtu tumbo, hawezi kutoka. Kipaza akapima tena, akanyanyua nyusi. Mtoto alikuwa njiani na hana nia ya kumsubiri mtu.

Uchungu ukaja, mkubwa, na pamoja nao likaja lile jambo ambalo Taratibu hakuambiwa na yeyote, kwamba kusukuma hukuamui. Kunakuja kwenyewe kama kucheka. Alimtazama Kipaza kwa macho ya kuomba, na Kipaza, ambaye maisha yake yote uso wa namna ile aliujibu kwa neno moja, ulimi ukamponyoka.

"Haya mama, su—"

Akajiziba mdomo, lakini wodi haikuhitaji neno zima. "Sukuma!" ikaitikia, kutoka vitanda vyote, kutoka kwa mfagiaji, kutoka korido. "Sukuma! Sukuma!" Na Taratibu, aliyezungukwa na sauti hizo za upendo, akabana pumzi akasukuma.

Maumivu yalikuja kutoka kisogoni na hayakuwa yale anayoyajua. Yale ya kila siku yalikuwa watoto wa haya. Kila kitu kikawa cheupe. Hakukuwa na wodi, hakukuwa na mtoto, hakukuwa na yeye wa kuogopa.

Aliporudi, kitu cha kwanza alichokisikia kilikuwa sauti ya Kipaza, na haikuwa inamwambia yeye.

"Kimya! Kimya wote! Huyu hasukumi. Mnaniua mtu!"

Wodi ikanyamaza. Hakujawahi kuwa na ukimya mle ndani na watu hawakujua waufanyeje. Kipaza akamwinamia, akauweka uso wake karibu kabisa, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akanong'ona.

"Nisamehe, mwanangu. Unanisikia? Unaweza kufanya nini wewe, badala ya kusukuma?"

"Kupuliza," Taratibu alisema. "Nikipuliza kichwa hakiumi sana."

"Basi tutapuliza."

Akainuka, akawageukia wale wanawake. "Uchungu ukimjia, wote tunapuliza. Mtu asibane pumzi humu ndani, mnasikia? Fuuu, kama mnapoza chai."

Uchungu ukaja. Taratibu alifungua mdomo akaachia pumzi, na kutoka pande zote akasikia wodi nzima ikipuliza. Wanawake walioshika viuno walipuliza. Mfagiaji aliyeegemea ufagio alipuliza, mashavu yamejaa. Upepo mmoja mrefu wa pumzi za watu ulipita juu ya vitanda, na tamaa ya kusukuma ikampanda mpaka kooni, ikakuta mlango uko wazi, ikatoka nje. Kisogo kiligutuka, kikatulia.

Huko korido, aliambiwa baadaye, ukimya ule uliwatisha watu, maana pale ukimya ungeweza kuwa na maana moja tu, kifo. Kinyozi, aliyekuja mbio na mama yake, alisimama, akakaa, akasimama. Kisha wakaisikia ile fuuu kupitia mlangoni. Mama mkwe hakuelewa ni kitu gani, lakini alijua kinafanywa kwa ajili ya nani, akaanza kupuliza na yeye, na ufizi wake mtupu, na watu wa benchi zima wakamfuata.

Ndani, Taratibu alikuwa ameacha kufanya chochote. Hilo ndilo alilolisimulia maishani mwake mwote na hakuwahi kulimaliza. Alikuwa amekaa miaka mezani akitazama madonge yakiumuka, na hakuna mtu aliyewahi kulisukuma donge liumuke. Unaliacha. Sasa kazi hiyo ilikuwa inafanyika ndani yake, kwa nguvu ambayo haikumwomba ruhusa wala msaada, nguvu kubwa kuliko gunia lolote lililowahi kumpita begani mwa mtu. Ilibana, ikashusha, ikapumzika, ikabana tena. Huu mwili uliomwangusha kwa chafya, mwili ambao wenye mashine hawakuujua, ulikuwa unajua hili tangu zamani na haukuwahi kumwambia. Alipuliza na kuustaajabia. Machozi yalimtoka na hayakuwa ya maumivu.

"Kichwa," Kipaza alinong'ona. "Naona kichwa. Puliza, mwanangu, puliza tu, mwache aje."

Akaja. Aliteleza mikononi mwa Kipaza katikati ya pumzi moja, mtoto wa kike, na kwa sekunde hiyo hakuna aliyepumua. Halafu akalia, kwa kelele, amebana kifua chote. Wodi iliyokuwa imejizuia ikalipuka. Kipaza Sauti alilia kuliko mtoto.

Walimweka kifuani kwa Taratibu, mlowevu, mzito kuliko alivyotegemea, wa moto kama kitu kilichotoka tanurini. Mlango ukafunguliwa, Kinyozi akaingia na mama yake nyuma, na mtu huyu wa maneno akaenda moja kwa moja kwa mkewe. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka kiganja chake juu ya kichwa kidogo kile. Alikuwa ameshika vichwa maisha yake yote, hakuwahi kushika kidogo hivi.

Hapo Taratibu akalia. Hakupuliza, hakujiegemeza, hakukumbuka kitu. Ilitoka yote, miezi ya hofu yote, kwa kwikwi kubwa za kubana kifua, na kabla hajamaliza ya pili maumivu yakawa yanapanda kisogoni. Kinyozi aliona macho yake yakipoteza nuru akaita jina lake. Taratibu alipata nafasi ya kufanya jambo moja tu, kukaza mikono kumzunguka mtoto. Kisha kila kitu kikafutika.

Mwanga wa dirisha ulirudi kwanza. Halafu harufu ya dawa, halafu sauti ya mumewe. Alingoja, akiogopa kuangalia. Juu ya kifua chake kulikuwa na uzito, mdogo, wa moto, unaohema. Vyote alivyowahi kuvisahau katika maumivu yale vilimrudia vikiwa ni vile vile. Hiki hakikuwepo duniani asubuhi ile, na kilikuwa bado kipo.